Kadi iwe yao, kisanduku kiwe changu: barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TCRA

Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania,
Mawasiliano Towers, Barabara ya Sam Nujoma,
Dar es Salaam.

YAH: KING'AMUZI KIMOJA, KADI YA KAMPUNI YOYOTE

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Somo la hapo juu lahusika. Mimi ni fundi dishi hapa Morogoro. Kazi hii niliianza enzi za madishi ya futi nane, yale ya wavu ambayo kuku walikuwa wakijikinga jua chini yake. Risiva ulinunua dukani, ya aina yoyote, ukaingiza namba za masafa kwa rimoti, ukasaka. Picha ikitoka imetoka, isipotoka unarudi juu ya paa. Risiva ilikuwa haimjui mwenyewe zaidi ya yule aliyeilipia.

Juzi niliitwa kwa bibi mmoja wa Kihonda. Chini ya televisheni yake kuna ving'amuzi vitatu vimebebana kama sufuria. Kimoja kililetwa na mwanawe kwa ajili ya mechi za Simba. Cha pili ni cha mkwe, cha tamthilia. Cha tatu ni cha antena, kilinunuliwa siku zile televisheni ya chogo ilipoacha kuonyesha kitu. Kile cha mechi ndicho kilichokuwa kimelipiwa, na ndicho kilichokuwa kimeungua kwa umeme wa kukatika na kurudi. Nilipomwambia kimekufa, akaniuliza jambo moja: "Mwanangu, si uitoe kadi ya hiki uichomeke kwenye kile kizima?"

Nikamjibu haiingii.

"Haiingii kwa sababu gani?"

Hapo ndipo nilipobaki nakuna kichwa, Ndugu Mkurugenzi, kwa sababu jibu la kweli ni kwamba inaingia. Tundu ni lile lile, kadi ni ya saizi ile ile. Nikiichomeka inakaa vizuri kabisa, halafu kwenye kioo yanakuja maandishi ya kuikataa. Kinachokataa ni programu iliyowekwa na kampuni ndani ya kisanduku, nayo imewekwa ikatae. Bibi hakuridhika na maelezo yangu, na mimi pia sikuridhika nayo. Ndiyo sababu ya barua hii.

Nimevifungua ving'amuzi vingi, vya kampuni zote ambazo ishara yake inafika mkoani kwetu. Ukitoa nembo ya juu, ndani ni ndugu wa tumbo moja: sehemu ya kupokea mawimbi, chipu ya kufungua picha, kumbukumbu, ugavi wa umeme wenye kapasita zinazovimba baada ya masika mawili. Mawimbi yenyewe yanarushwa kwa viwango vya kimataifa vya televisheni ya dijitali, DVB, ambavyo ni vya wote, na hata namna ya kuvuruga picha ili asiyelipa asione ni ya pamoja. Kampuni zinatofautiana kwenye kitu kidogo tu, nacho ni ufunguo na jinsi unavyofikishwa kwenye kadi. Kwa maneno mengine, kile ambacho kampuni ina haki ya kukiita chake kinatosha mfukoni mwa shati. Kisanduku kilichobaki mteja amekilipia kwa pesa yake, tena pamoja na dishi, waya na ujira wangu.

Lakini kukilipia hakujamfanya awe na mamlaka nacho. Kifurushi kikiisha, vingine vinageuka tofali linalowaka taa. Kuna kimoja nilikifungua ambacho hata menyu ya kusaka chaneli imefungwa kwa namba ya siri, na namba hiyo mteja hapewi. Angani kuna chaneli zisizofungwa, dishi linaweza kugeuzwa, sehemu ya kupokea ipo na ni nzima, ila mwenye nyumba haruhusiwi kuielekeza. Siku hizi vipo pia vya aina isiyo na kadi kabisa, ufunguo umo ndani ya chipu, kwa hiyo lile swali la bibi halitaulizika tena. Naona huko ndiko tunakopelekwa, na napenda tufike mezani kabla hatujafika huko.

Kwenye vibanda umiza, vile ambamo watu hulipa kutazama mpira, mambo ni dhahiri zaidi. Haki za Ligi Kuu yetu ziko Azam, kwa mkataba wa miaka 10 uliosainiwa na shirikisho la soka, TFF, mwaka 2021 kwa zaidi ya shilingi bilioni 225. Ligi ya Uingereza iko SuperSport, yaani DStv. Sina ugomvi na hilo. Aliyenunua haki za mechi amezinunua, na klabu zetu zinahitaji hizo pesa. Ila Jumamosi Yanga anacheza saa kumi na Arsenal anacheza saa kumi na moja, basi mwenye kibanda ana visanduku viwili, rimoti mbili, adapta mbili, na kijana wa kuchomoa na kuchomeka waya huku watu wanapiga kelele. Haki za mechi ni jambo moja. Kulazimisha kila haki ije na sanduku lake ni jambo jingine, na hilo la pili hakuna aliyelinunua TFF wala Uingereza.

Utaniambia, fundi, unaomba kitu kigeni. Hapana. Ninyi wenyewe mnakisimamia kila siku kwenye simu. Leo naenda Kariakoo nanunua simu ya kampuni yoyote, natia laini ya mtandao wowote, na nikitaka naweka laini mbili za mitandao inayochukiana zikae kitanda kimoja. Laini ni ya kampuni, simu ni yangu. Kisha tarehe 1 Machi 2017 mkaongeza: mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake ikahama naye. Kwenye pesa za simu nako, Tigo, Airtel na Zantel walikubaliana mwaka 2014 kutumiana pesa baina ya mitandao, Vodacom akaja akaungana nao 2016. Hakuna kampuni iliyofunga mlango kwa sababu ya hayo. Basi nashindwa kuelewa kwa nini kinachowezekana kwenye simu iliyo mfukoni kisiwezekane kwenye sanduku lililo sebuleni, tena ninyi ndio mnaosimamia vyote viwili.

Na kwenye televisheni kwenyewe wenzetu wameshafanya. Sheria ya mawasiliano ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2018 inataka kila televisheni ya dijitali yenye skrini inayozidi sentimita 30 iwe na tundu la wazi, yaani la kiwango cha wote, la kuchomeka kifaa cha kampuni ya kulipia. Kifaa chenyewe ni bapa kama biskuti. Kadi inaingia ndani yake, nacho kinaingia nyuma ya televisheni, kampuni inabaki na ufunguo wake na picha inabaki imelindwa mpaka inapofika kwenye kioo. Tundu lenyewe ni la tangu miaka ya 1990; ulinzi huo wa mpaka kwenye kioo uliongezwa baadaye. Humu nchini nimezikuta televisheni flati zenye tundu hilo, wenye nazo wanadhani ni la memori kadi.

Sitaki kukudanganya kwamba kila aliyejaribu alifanikiwa. Marekani walitunga sheria mwaka 1996 ili wateja wa kebo waweze kutumia visanduku vya kununua dukani. Wakaja na kadi yao. Kampuni za kebo zikawa zinaitoa kwa shingo upande: ukiiomba unaambiwa subiri fundi, fundi akija haifanyi kazi, mwishoni unakodi tu kisanduku chao. Mwaka 2007 wakazilazimisha kampuni zitumie kadi hiyo hiyo kwenye visanduku vyao wenyewe, baadaye sharti hilo likaondolewa, na mpango mzima ukafifia. Ninachokiona pale ni kwamba kampuni ikiachiwa njia yake ya pembeni, njia ya wote itaota majani. Kama mtaandika kanuni, iandikwe kwamba kadi anayopewa mwenye kisanduku cha dukani ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye kisanduku cha kampuni. La sivyo mafundi tutakuwa wa kwanza kuicheka.

Kampuni nazo zina hoja, na moja ni ya haki. Wanasema wanauza king'amuzi kwa bei ya kutupa, hasara wanairudisha kwenye vifurushi. Sawa. Basi waandike kwenye boksi, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka: kifaa hiki kimefungwa kwa miezi kadhaa, baada ya hapo kinafunguliwa. Mteja ajue amenunua nusu na nusu amekopa. Na anayetaka kulipa bei kamili tangu siku ya kwanza auziwe kilicho wazi. Hoja ya pili ni ya wizi wa mawimbi, na hiyo naisikia kila mahali, ila wanaoisema hawanielezi kadi ya kampuni inakuwaje rahisi kuibiwa ikiwa kwenye sanduku langu kuliko ikiwa kwenye sanduku lao, ambalo nalo liko kwangu.

Jambo moja lazima nilikiri kama fundi, maana najua wahandisi wako watalisema. Madishi mawili hayaepukiki kwa anayetaka Azam na DStv pamoja. Ya kwanza inatoka kwenye satelaiti ya nyuzi 7 mashariki, ya pili nyuzi 36. Dishi moja dogo halioni kote huko hata ulitie vichwa viwili vya kupokea mawimbi, na hakuna kanuni ya Mamlaka itakayosogeza satelaiti. Lakini madishi mawili yanaweza kushuka kwa waya mmoja kupitia swichi ya elfu chache, yakaingia kwenye kisanduku kimoja. Ya juu ya paa niachie mimi. Naomba msaada kwa ya sebuleni.

Nyuma ya banda langu nina magunia mawili ya ving'amuzi vilivyokufa. Nikisema vilivyokufa sisemi vilivyoungua vyote; vingi vinawaka. Vimekufa kwa sababu mwenyewe amehamia kampuni nyingine. Natoa humo kapasita, adapta, waya, mengine sina la kuyafanya. Na ikitokea kampuni yenyewe ndiyo imeondoka? Wakubwa wa kazi hii wanaikumbuka GTV, televisheni ya kulipia iliyokuja mwaka 2007 na mechi za Uingereza kwa bei nafuu, ikafilisika mwishoni mwa Januari 2009. Picha zilizimika katika nchi nyingi za Afrika kwa mpigo, na ving'amuzi vilivyokuwa vizima jana yake vikawa vya kuegemeza mlango. Kama vingekuwa na tundu la wazi, watu wangekuwa wamepoteza kifurushi cha mwezi tu.

Vilevile kumbuka ya mwaka 2018. Agosti ile Mamlaka iliagiza kampuni za dishi za kulipia ziondoe chaneli za bure za ndani, kwa kuwa leseni zao hazikuwa zinaziruhusu kuzibeba. Sibishani na leseni zilivyosomeka. Lakini mwenye king'amuzi kimoja cha dishi alilala na ITV akaamka hana, na dawa ikawa kutafuta kisanduku kingine. Sanduku lingekuwa la wazi, waya wa antena ungeingia humo humo na taarifa ya habari ya saa mbili isingempita mtu. Tulipozima matangazo ya analojia Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, mbele ya nchi nyingi za bara hili, wananchi waliambiwa wanunue ving'amuzi, wakanunua. Wakati ule hakuna aliyewauliza kama vitakuwa vyao.

Sasa ombi langu, na ni dogo kuliko urefu wa barua. Hakuna king'amuzi kinachotakiwa kuuzwa nchini bila Mamlaka kukikagua na kukiidhinisha. Uwezo huo mnao tayari chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010; sidhani kama Bunge linahitaji kusumbuliwa. Kwenye masharti ya kuidhinisha, ongezeni kwamba kuanzia tarehe mtakayoitangaza mapema, king'amuzi kipya kiwe na tundu la wazi la kadi, menyu ya kusaka iwe mikononi mwa mteja, na kampuni yenye leseni isikatae kumpa kadi mtu mwenye kifaa kilichoidhinishwa. Vya zamani viacheni vife vyenyewe, vina umri mfupi, kapasita nazijua. Na kabla ya kuandika lolote, iteni Baraza la Ushauri la Watumiaji, iteni kampuni, halafu iteni na mafundi wawili watatu wa mikoani. Huwa tunasahaulika kwenye vikao hivi, ingawa lawama zote za kwenye paa ni zetu.

Mkiniita nitakuja na gunia moja, niwafungulie mezani, muone wenyewe nembo zikishatolewa kama mtaweza kusema kipi ni cha nani. Sijui kama treni ya SGR wataniruhusu na mzigo wenyewe. Wakikataa nitapanda basi la alfajiri. Gunia la pili naliacha, bado nalitegemea kwa adapta. Bibi wa Kihonda nilimtengenezea chake kwa kapasita mbili za humo humo, na Jumapili alitazama mechi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi dishi,
Morogoro.