Picha ya jani moja haitoshi kuujua mti wa majini

Mhariri, naomba nafasi kidogo nimjibu yule msomaji aliyeleta picha ya kichaka kilichoota pembeni ya maji akauliza ni mti gani, manake majibu aliyopewa mengine yamenichekesha na mengine yamenitisha. Kuna aliyesema mkwaju! Mkwaju gani jamani unasimama kwenye maji ya magoti.

Picha yenyewe ni tawi moja, majani madogo madogo kama unyoya, basi. Ua hakuna, ganda hakuna, shina hatulioni. Halafu mtu anaiingiza kwenye programu ya simu, inamtolea jina, naye anakuja kutuapia. Miti ya ukoo wa kunde yenye majani ya hivyo ni mingi mno na kadhaa inapenda maji.

Mi mwenyewe nilishaumbuka. Niliulizwa kichaka kama hicho nikasema kwa kujiamini kabisa hiyo ni sesbania, iacheni, majani yake ni malisho mazuri na inarutubisha udongo. Wakaiacha. Kuja kustuka imeshakuwa msitu wa miiba, hata kuteka maji hupiti, kumbe ilikuwa Mimosa pigra, yaani ndugu mkubwa wa kifauongo, asili yake Amerika ya kitropiki na imo kwenye orodha ya IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Inafika hata mita 6.

Nilichotakiwa kuangalia ni kidogo tu. Jani la sesbania limegawanyika mara moja, vijani vimepangwa huku na huku kwenye kijiti kimoja. La mimosa limegawanyika mara mbili, kijiti kikubwa kinatoa vijiti vidogo ndo hivyo vinabeba vijani, na ukipitisha kidole juu ya kile kijiti kikubwa utachomwa na vimiba vimesimama. Ukiligusa linajikunja, ila hiyo peke yake usiitegemee sana, kuna mimea mingine nayo inajikunja. Maua ya mimosa ni vijimpira vya pinki, ya sesbania ni ya njano kama ya kunde. Na maganda ndo yanamaliza ubishi, ya sesbania ni marefu membamba kama kamba, ya mimosa yana manyoya na yakikauka yanakatika vipande vipande, kila kipande na mbegu yake, vinaelea vinaenda na maji. Ndo maana leo iko hapa kesho iko chini huko.

Kwa hiyo msomaji asiukate wala asiupande kwanza. Asubiri utoe ua na ganda, apige picha mti mzima, shina, jani juu na chini. Akitaka jibu la uhakika akate tawi lenye vyote hivyo (avae glavu), alilaze kati ya kurasa za gazeti, hata hili hili mhariri usikasirike, aweke kitu kizito juu na awe anabadilisha kurasa zikilowa mpaka likauke, aandike mahali na tarehe, apeleke kwa wataalamu wa mimea. Wenyewe wanakausha mimea kwa magazeti miaka yote. Ila ganda alifunge vizuri kwenye bahasha, vile vipande vinanasa kwenye nguo, asije akatusambazia njia nzima.

Msomaji wenu aliyewahi kukosea