Magadi si madini ya ng'ombe wa maziwa

Mhariri,

Kuanzia Marangu na Machame hadi Tengeru, ng'ombe akipitisha miezi 4 tangu azae bila kushika mimba, lawama humwangukia mhimilishaji, yaani mtaalamu wa kupandisha kwa mirija, au mbegu za kituo cha uhimilishaji cha Usa River. Mara nyingi kasoro imo horini: madini hayatoshi, na magadi wanayopewa wengi hayazibi pengo.

Tazama anachokula: matete, migomba, pumba kidogo. Mgomba ni maji matupu kwa sehemu kubwa, una potasiamu nyingi na fosforasi haba. Pumba za mahindi zina fosforasi, lakini kalsiamu yake ni ya kuhesabu. Kumbe kila lita 10 za maziwa huondoka na takriban gramu 12 za kalsiamu na 9 za fosforasi, na pengo hilo huzibwa kwa kuchota mifupani. Ng'ombe anayetafuna mifupa, matambara au udongo huenda anadai fosforasi. Shaba na manganizi zikipungua, joto, yaani hamu ya kupandwa, huja kimyakimya. Seleniamu ikikosekana, zalio (kondo la nyuma) hung'ang'ania ndani, kizazi huoza na miezi inapotea.

Jiwe jeupe la kulamba ni chumvi tu. Magadi nayo hayana fosforasi wala shaba ya maana, na ya huku kwetu yana floraidi, ileile inayotia meno ya watu wa Meru rangi ya kahawia. Sioni kwa nini tumpe ng'ombe.

Anayekamuliwa apewe gramu 100 hadi 150 za madini ya unga kwa siku, kadiri lebo inavyoelekeza, yakichanganywa kwenye pumba asubuhi na jioni. Ukiyanyunyiza juu ya majani, mengi huishia chini ya hori. Pima mara moja kwenye mizani ya duka, kisha tia alama kwenye kikopo. Usizidishe kwa pupa, maana shaba na seleniamu zikizidi ni sumu. Wiki 3 za mwisho kabla ya kuzaa, acha madini yenye kalsiamu nyingi: mwili ukizoea kuletewa huchelewa kuchota mifupani, na homa ya maziwa, yaani kalsiamu kushuka ghafla damuni, humwangusha siku anapozaa.

Hata hivyo, aliyekonda mbavu zikahesabika hatapata joto kwa madini peke yake, ashibe kwanza. Na aliye peke yake bandani hana mwenzake wa kumpanda, basi angalia ute unaovutika, kulia ovyo na maziwa kupungua ghafla. Ukiliona joto asubuhi, apandishwe jioni.

Wauza pembejeo wa Moshi na Arusha, acheni kupima madini kwa kilo kutoka gunia lililofunguliwa bila kumpa mnunuzi nakala ya lebo. Tunataka kusoma kiasi cha kalsiamu na fosforasi, ambavyo uwiano wake unapaswa kuwa kati ya 1:1 na 2:1, na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Mhudumu wa mifugo,
Moshi Vijijini