Mpiga ngoma naye ni mtunzi

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika kwenye ukurasa huu kwamba bendi zinazochanganya Sindimba, ngoma yetu Wamakonde, na magitaa zinaiua ngoma ya wazee. Mimi ni mpiga besi wa bendi ya maharusi hapa Mtwara Mjini, na majuzi tumemaliza kurekodi wimbo wa aina hiyohiyo anayoilalamikia. Kwa hiyo mshale umenipata.

Kuchanganya hakukuanza leo. Dansi la baba zetu lilijengwa juu ya rumba ya Kongo, nayo rumba hiyo ilikuwa imekwishachota Kuba. Singeli ya Dar es Salaam ilianza na vipande vya taarab vilivyoongezwa kasi. Hata Sindimba yenyewe, baada ya Uhuru, ilichukuliwa na kikundi cha taifa cha ngoma ikachezwa jukwaani mbele ya watu ambao hawajawahi kuuona mkorosho. Haikufa. Msimu wa unyago ukifika, ndugu yangu apande Newala akajionee.

Ninachokiogopa mimi ni jinsi mpiga ngoma anavyochukuliwa.

Mpiga solo wetu ana mjomba wake huko Newala, fundi wa ngoma. Kwa sisi Wamakonde mjomba haitwi kwa simu kama bodaboda, hivyo kijana alipanda mwenyewe kwenda kumwomba. Mzee akashuka na basi, ngoma zake na vijana wawili. Sisi tulishazoea mwendo wetu wa dansi, nne kwa nne, yaani kuhesabu mapigo manne manne. Yeye akasikiliza kidogo, akaingia na mapigo yake ya tatu tatu, na mpiga dramu wetu akapotea hapohapo. Kilichotuokoa ni kupunguza. Nikaacha mbwembwe zote za besi nikabaki na noti mbili: moja pale ngoma kubwa inapotua, nyingine pale kiki, ile dramu kubwa ya mguu, inapogonga. Mashairi yalikuja baadaye, habari za mume aliyeingia mitini siku pesa za korosho zilipoingia, kiitikio kwa Kimakonde. Hayo hayakutusumbua, visa tunavyo.

Studio ndiko kulikokuwa na kazi. Ngoma ya ngozi haina skrubu za kukazia kama dramu, inapashwa moto. Mzee alitoka uani, akawasha makuti makavu, akawa anaizungusha ngoma juu ya moto huku akiigonga kwa kidole na kuitegea sikio, mpaka ilie anavyotaka. Kisha mbio ndani. Kiyoyozi nacho kinaipoza, ngozi inalegea, sauti inashuka, na yeye huyoo anarudi uani. Mwisho tukakizima kiyoyozi tukapiga huku jasho linatuchuruzika.

Prodyuza alitaka kila mtu arekodi peke yake akifuata mdundo wa kompyuta masikioni. Mzee akavaa hedifoni, akatulia, akauliza: “Huyu anayegongagonga humu ni nani, na mbona hanisikilizi?” Akazivua. Basi tukapiga wote kwa pamoja, kama bendi zilivyokuwa zikirekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD) enzi hizo. Ukiusikiliza wimbo wetu utaona kasi inapanda kuelekea mwisho, maana ndivyo Sindimba inavyokwenda wachezaji wakishapata moto. Tungeinyoosha kwa kompyuta, hapo msomaji mwenzangu angekuwa na haki ya kutulaumu.

Sasa yakaja majina ya kuandikwa kwenye wimbo. Mpiga solo kaandikwa, mimi nimeandikwa, mwimbaji kaandikwa. Kwenye ngoma, prodyuza akaandika “ngoma za asili”, basi. Eti ndivyo wanavyofanya wote, mzee anapewa nauli na hela ya soda. Tena akatushauri tukate kipande cha sekunde chache tukirudierudie, safari nyingine tusihangaike kumwita. Nilichukia. Sibishi kwamba mdundo wa Sindimba ni mali ya Wamakonde wote na hakuna mwenye ruhusa ya kujimilikisha. Lakini yale aliyoyapiga mzee baada ya ubeti wa pili hayapo Newala wala kwingine kokote. Aliyatunga palepale akitusikiliza sisi, na sisi tukabadilisha kiitikio kumfuata. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi, na inamtambua anayetumbuiza pia. Haikusema awe ameshika gitaa.

Tulibishana mpaka usiku. Uamuzi ukawa mzee aandikwe mtunzi pamoja nasi, vijana wake waandikwe wapigaji, na chochote kitakachoingia tugawane sawa. Mwenzetu mmoja bado kanuna, atazoea.

Kwa hiyo, Mhariri, mnapoandika habari za nyimbo mpya, na watangazaji wa redio nao wanaposoma majina ya wanabendi, ulizeni ngoma kapiga nani. Mtu huyo ana jina na anapokea simu.

Na kwa wanaotuulizia kwa ajili ya harusi za Oktoba: mzee atakuwa kwenye korosho zake mpaka minada iishe, na wimbo huo bila yeye hatuupigi. Chagueni mwingine, rumba tunazo nyingi.

Mpiga besi,
Chikongola, Mtwara