Mwanangu, chai nayo ni maji

Mwanangu mpenzi,

Nimesikia umejiwekea sharti la glasi nane za maji kila siku, na kwamba chai, maziwa na supu umevitoa kwenye hesabu. Virudishe. Maji yakishafika utumboni ni maji, yawe yametoka bombani au kwenye bakuli la supu.

Wengi wanaamini sharti hilo lilizaliwa mwaka 1945, pale bodi ya chakula na lishe ya Marekani ilipoandika kwamba mtu mzima anahitaji takriban lita 2.5 kwa siku. Sentensi iliyofuata ilisema sehemu kubwa ya maji hayo tayari imo ndani ya chakula. Watu waliibeba ya kwanza, ya pili wakaiacha njiani.

Kipimo ninachokiamini ni cha Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, cha mwaka 2010: lita 2 kwa mwanamke, lita 2.5 kwa mwanamume, kwa mtu asiyefanya kazi ngumu na asiyekaa penye joto kali. Hapo pameshajumlishwa vinywaji vyote pamoja na chakula. Chakula peke yake huleta kama sehemu moja ya tano, wakati mwingine zaidi. Kwako wewe binti, basi, inabaki kama lita 1.6 ya kunywa, yaani glasi sita na kidogo za mililita 250, chai ikiwemo.

Usidhani maji ya chakula ni ya matunda tu. Tango na tikiti maji ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, hilo unalijua. Lakini yai ni maji kwa robo tatu, mkate kwa zaidi ya theluthi moja, na wali kwa karibu theluthi mbili. Mchele ulipokuwa ukiiva ulikunywa maji, nawe ukila wali unayanywa hayo hayo: gramu 300 zinakupa karibu mililita 200. Anayeruka mlo hupoteza na maji yake.

Kuhusu kahawa, mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham waliwapa wanaume waliozoea kahawa vikombe vinne kwa siku, kisha wakalinganisha na maji ya kiasi kile kile. Hawakuona tofauti ya maana. Kafeini, kichangamshi kilichomo kwenye kahawa na chai, huongeza mkojo hasa kwa asiyeizoea au anayeinywa nyingi kwa mkupuo. Usipite miligramu 400 kwa siku, na ukiwa mjamzito 200. Kikombe cha kahawa kina kama 90, cha chai nusu yake hivi. Soda nayo ni maji, ila sukari yake ni nyingi mno kuifanya kinywaji cha kiu. Pombe kali usiihesabu kabisa, kwa sababu huizuia homoni inayoziambia figo zibakize maji.

Siku za mazoezi makali, acha kukisia. Jipime uzito kabla na baada, ukiwa umejifuta jasho. Ukipungua kilo 1, umepoteza kama lita 1. Rudisha lita 1.5 kidogo kidogo kwa saa kadhaa, pamoja na chakula chenye chumvi, kwani sehemu ya unachokunywa itatoka kwa mkojo.

Hapa nisikilize vizuri. Figo haziwezi kutoa zaidi ya lita moja hivi kwa saa, pengine pungufu. Ukizizidi kwa saa kadhaa, chumvi ya damu huzimuka, seli za ubongo huvimba, na mtu huumwa kichwa, hutapika, huchanganyikiwa, hata kupata degedege. Wasiojua hudhani amepungukiwa maji, wakamwongezea. Kama amekunywa mengi na anazidi kuwa mbaya, usimpe zaidi, mpeleke hospitali.

Kwa siku za kawaida, fuata kiu na utazame mkojo. Uwe njano hafifu. Wa asubuhi huwa mzito kwa kila mtu, na vidonge vya vitamini B huupaka njano kali, kwa hiyo usitishike. Ukiwa mweupe kama maji kutwa nzima, punguza kunywa.

Ukiharisha, maji matupu hayatoshi. Tumia pakiti ya ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake. Ukiikosa, tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita 1 ya maji safi, vijiko vifutwe juu kwa kisu. Sukari na chumvi hupenya ukuta wa utumbo pamoja na kuyavuta maji nyuma yao. Sukari ikizidi, kuhara huongezeka. Chumvi ikizidi ni hatari, hasa kwa mtoto. Mwaga yaliyobaki baada ya saa 24.

Na bibi yako akija kukaa kwako, usingoje aseme ana kiu, maana uzeeni kiu hufifia. Mpe kikombe kila anapokula na kila anapomeza dawa, sehemu kubwa ainywe mchana asije akaamka usiku gizani. Ila muulize kwanza kama daktari wake amempangia kiasi kwa ajili ya moyo au figo. Kama amempangia, shika hicho.

Mama yako