Treni ipite Lira au isimame Lira?

Mhariri,

Juzi sokoni hapa Lira, kaskazini mwa Uganda, kijana mmoja alituonyesha kwenye simu treni ya Japani ikipita kama mshale, akauliza lini nasi tutapata ya namna hiyo hadi Gulu. Watu wakashangilia. Mimi muuza ufuta nikauliza: itasimama wapi?

Treni ya kasi faida yake ni kutosimama. Ile ya Japani ilianza mwaka 1964 kati ya Tokyo na Osaka, kilomita 515, na huko na huko kuna mamilioni ya watu wenye safari zao kila siku. Najua atatokea wa kunitajia Hispania, ambako tangu 1992 treni ya kasi inakata nyanda zenye watu wachache kutoka Madrid hadi Sevilla. Sawa, lakini wanaoijaza ni watu wa miji mikubwa ya huku na huku. Ukiacha miji michache kama Ciudad Real na Córdoba, walio njiani wanaishia kuiona ikipita.

Sasa njia yetu. Tororo, Mbale, Soroti, Lira, Gulu: kilomita 375, na hakuna Osaka hata moja. Kuna magunia. Ufuta, alizeti, mahindi, mihogo mikavu, na saruji ya Tororo inayopanda kuja kwetu. Gunia halina haraka. Linataka kufika kavu, siku iliyosemwa, kwa bei iliyo chini ya ile ya lori. Msimu uliopita lori nililokodi lilikwama kwenye tope siku mbili, na ufuta ukalowa; mwendo wa kilomita 250 kwa saa ungenisaidia nini pale?

Reli mpya ya SGR, yaani ile pana ya kisasa, ya Malaba mpakani na Kenya hadi Kampala, ambayo mkataba wake na kampuni ya Kituruki ya Yapi Merkezi ulitiwa saini mwaka 2024, siigombi. Mzigo wa Mombasa upo, tena mwingi. Huku kwetu ile reli ya zamani yenye upana wa mita moja inatosha, mradi itengenezwe hadi mwisho. Kwa mwendo wa kilomita 60 tu kwa saa, Tororo hadi Gulu ni kama saa sita na robo, ongeza za kupakia. Nani hapa sokoni atalalamika?

Ninachotaka kujua kwa wahusika ni kimoja: hapa Lira patawekwa reli ya pembeni ya treni kusimama na ghala la kupakilia, au tutajengewa jukwaa la kupungia mkono?

Muuza ufuta,
Lira