YAH: Mlivyotushusha Busunju siku ya fainali ya Kombe la Uganda

Kwa Meneja,
Kampuni ya Mabasi,
Kampala.

Bosi, salamu.

Nakuandikia kwa heshima, na hiyo heshima naishikilia kwa nguvu kwelikweli maana hii ni barua ya tatu, mbili za kwanza niliziacha kwa ofisi yenu ya Hoima na hakuna aliyenijibu. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho kondakta wenu alichotumia kututukana, kwa hiyo najua kwenu kinaeleweka.

Sheria zenu sina haja ya kukusomea, mmezichapa wenyewe nyuma ya tiketi. Siti namba 9 mpaka 22, watu kumi na wanne, shilingi 30,000 kila mtu, nililipa kwa mobile money siku nne kabla na meseji ninayo mpaka leo. Basi la saa moja asubuhi. Hoima kwenda Kampala, timu yetu Kitara na timu ya NEC, fainali, uwanja wa Nakivubo.

Basi la saa moja lilitoka saa sita kasoro. Mlikuwa mnangoja mahindi. Magunia ya mahindi bosi, yanapakiwa juu yanapakiwa ndani, watu wamekaa kwa siti jua linawachoma dirishani, tukiuliza tunaambiwa "tunatoka sasa hivi", hiyo sasa hivi ikawa karibu masaa matano. Tukavumilia. Kiboga mkasimama tena mkaongeza abiria wa kusimama, tukavumilia. Halafu Busunju, kituo cha njiani kabla ya kufika Kampala.

Pale Busunju kondakta akasimama katikati ya basi akasema mbele kuna trafiki, basi limezidi, lazima watu washuke. Sawa limezidi, ni nani alilizidisha? Waliopanda Kiboga hawakuguswa. Magunia hayakuguswa. Akatunyooshea kidole sisi wenye jezi, "nyinyi watu wa mpira shukeni, mpira hata kwa simu mtaona." Mzee wetu Amooti alikuwa siti ya 9, akamwambia kwa upole, kijana wangu mimi nimelipa, tiketi hii hapa. Akashikwa mkono wa jezi akavutwa mpaka chini. Mzee wa miaka 71. Na ngoma yake ikatupwa nyuma yake.

Yule dada wa ofisi yenu nilipompigia Jumatatu alianza vizuri, akaniuliza empaako, lile jina la heshima la kwetu, nikamwambia Araali, tukasalimiana kama watu. Halafu akaniambia tutarudishiwa nusu ya nauli "kwa sababu mlifika Busunju". Nusu! Kwani sisi tulikata tiketi za Busunju? Mtu akikuuzia shati akakupa mkono mmoja, unamlipa bei ya huo mkono? Nikamwambia aniunganishe na mkubwa wake, simu ikakatika, na tangu hapo nikipiga haipokelewi.

Sasa labda hapo kwenu mnafikiri ni mechi tu. Wacha nikwambie. Ligi ukikosa mechi leo, wiki ijayo iko nyingine. Msimu huo huo Villa wamechukua ligi baada ya miaka ishirini, na shabiki wa Villa aliyekosa mechi moja alikuwa na nyingine nyingi za kwenda kuona. Kombe ni mtoano. Ukifungwa umetoka, hakuna kesho, na fainali ni moja na hairudiwi. Siku ile Kitara walishinda 1-0. Bao moja. Ndio bao lililotupa kombe letu la kwanza kabisa, likatupatia na nafasi ya kwenda kucheza Afrika, Kombe la Shirikisho, na wakati linafungwa sisi tuko kando ya barabara Busunju tunasimamisha takisi ambazo zote zimejaa.

Huyu mzee anaifuata Kakungulu, yaani hili Kombe la Uganda, wazee wetu bado wanaliita hivyo, tangu ilipoanza 1971 akiwa kijana wa miaka 18. Miaka yote hiyo anasikiliza kwa redio Express, Villa, KCC, mara nyingi kombe linabaki Kampala. 2022 fainali ilipoletwa Masindi hapa jirani alikwenda, akaona BUL wanawapiga Vipers 3-1, akarudi akatuambia na sisi siku yetu itafika. Wakati huo Kitara haiko hata ligi kuu! 2023 tukapanda, na NEC wakapanda pamoja na sisi, mwaka mmoja tu tuko nao fainali. Mzee aliuza mbuzi ili apate nauli na tiketi ya uwanjani na asiombe mtu. Mimi ndiye niliyemkatia tiketi yenu. Mimi ndiye niliyemwambia Amooti, hawa basi lao ni zuri, utakaa mbele.

Na nataka nirudie yale ya Busunju kwa sababu naona hamjayasikia. Mzee hakugoma. Alisimama mwenyewe, akatoa tiketi mfukoni, alikuwa ameikunja ndani ya kitambaa, akaifungua polepole aionyeshe. Kondakta hata hakuitazama. Akamshika hapa begani, jezi ikachanika pale kwenye mshono, akamvuta akisema "mzee na umri huu mpira wa nini, kalale nyumbani." Kalale nyumbani, mtu anayeweza kumzaa baba yake! Mzee akakosa ngazi ya mwisho akatua kwa magoti kwenye mawe. Miwani ikaanguka. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto akapiga kelele, mwache mzee wa watu, naye akaambiwa kama unamhurumia shuka umfuate. Dereva anaona yote kwa kioo, hakugeuka, injini inanguruma. Ndipo ile ngoma ikarushwa kutoka mlangoni ikagonga lami na ngozi ikapasuka, ngoma aliyoachiwa na baba yake. Basi likaondoka. Mzee akaketi juu ya ile ngoma iliyopasuka, magoti yanatoka damu, hakusema neno hata moja. Karibu saa nzima hakusema neno, na mimi sikuwa na la kumwambia.

Takisi tulipata mbilimbili na tatutatu, shilingi 10,000 kila mtu, Nansana tukakwama kwenye foleni, kufika Nakivubo watu wanatoka. Watu wa Hoima wanaimba, wanalia, wanakumbatiana, na sisi tunawauliza kwani imekuwaje. Na basi lenu bosi, lile lile, lilikuwa limepaki hapo karibu na uwanja, linashusha mahindi. Trafiki aliyesemwa hatukumwona popote toka Busunju mpaka mjini.

Barua ya kwanza niliomba nauli tu. Barua ya pili nikaongeza za takisi. Sasa nataka hivi: nauli yote 420,000, takisi 140,000, tiketi za mechi za watu kumi na wanne ambazo bado tunazo mkononi hazijachanwa, miwani ya mzee, na ngoma ikatengenezwe kwa fundi atakayemchagua yeye mwenyewe. Lakini hata mkilipa hayo yote leo bado hatujamaliza. Yule kondakta aje Hoima. Aje na mkubwa wake, wakae chini mbele ya mzee na watu wa nyumbani kwake, aombe msamaha kwa mdomo ule ule aliomtukania. Dereva naye aje, maana aliona. Msilete bahasha kwa mtu wa boda, tutairudisha.

Nawapa siku kumi na nne. Zikipita naenda kwa wakili, na yule mama mwenye mtoto amekubali kuwa shahidi, namba yake ninayo. Naenda na wizarani kwa wanaotoa leseni za mabasi niwaulize kama leseni yenu inasema gunia lina haki kuliko mzee mwenye tiketi. Na mashabiki wa Kitara tumeshakaa kikao, tawi zima limekubali hakuna atakayepanda basi lenu tena, msimu huu wala unaokuja, na watu wetu redioni wanangoja mimi niseme tu. 2027 AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, inakuja huku kwetu na Hoima ilitajwa kupata uwanja, wageni watapita barabara hii hii. Hao nao mtawashusha Busunju?

Nakala za tiketi, meseji za malipo, picha ya magoti ya mzee na picha ya ngoma nimeziambatanisha. Mzee hajui kama nimeandika hii barua ya tatu. Alishaniambia niwaache. Mimi siwaachi.

Siku zinahesabiwa kuanzia mtakapoipokea, nimemwambia anayeileta achukue sahihi.

Ni mimi,
Araali,
mweka hazina wa tawi la mashabiki,
Hoima