Tuandikieni mbio yote, sio mshindi pekee

Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote wanaosoma ukurasa huu. Mimi ni kinyozi hapa Nakuru, na kwa kinyozi yangu stori kubwa ni riadha, hata wakati wengine wanaongea mpira sisi tuko na mbio. Niko na daftari la kurasa mia mbili naandika matokeo mwenyewe kwa biro, jina, muda, nafasi, na ukuta mzima nyuma ya kioo nimebandika karatasi zilizokatwa kwa magazeti, lako likiwa mojawapo. Kwa hivyo haya nasema nayasema kama msomaji wako wa kila wiki.

Ile Jumamosi ya tarehe 5 Julai 2025, siku ya mitingi ya riadha ya Prefontaine kule Eugene, Marekani, sikufunga. Kwao ilikuwa mchana lakini huku ni saa tano usiku inaelekea saa sita. Tulikuwa watu saba, simu tumeiegemeza kwa kopo la poda, chai ya thamosi, mtu mmoja nusu kichwa kimenyolewa nusu bado kwa sababu nilikuwa nimezima mashine nisikie mtangazaji. Beatrice Chebet akamaliza mita 5000 kwa 13:58.06, mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya dakika 14. Hatujakaa vizuri Faith Kipyegon naye akapiga 1500 kwa 3:48.68, akatoa thuluthi na kidogo ya sekunde kwa rekodi yake mwenyewe ya Paris ya 2024. Rekodi mbili za dunia mchana mmoja, zote zetu, Faith ni wa Keringet hapa hapa kaunti yetu. Mzee mmoja wa miaka zaidi ya sabini alisimama akapiga makofi peke yake mpaka sote tukasimama.

Sasa Jumatatu nimeamka mapema nikanunua gazeti nije nibandike. Nikapata picha ya Chebet, muda wake, na maneno mengi ya pongezi kutoka kwa viongozi. Wa pili hakuna. Wa tatu hakuna. Nikageuza ukurasa nikidhani labda yako nyuma, hakuna. Na hapo ndio ubishi ulianza, kwa sababu mteja mmoja ambaye hakuwa na sisi hio usiku akasoma ile habari akasema basi Chebet alikuwa anakimbia peke yake, amewekewa watu wa kukimbia mbele wamvute na taa za kumwonyesha kasi ya rekodi, ushindani haukuwepo, rekodi ya kutengenezwa. Na ukiangalia hio karatasi yenyewe, huwezi kumlaumu. Hakuna mahali iliandikwa kulikuwa na mtu mwingine.

Nikafungua daftari. Wa pili alikuwa Agnes Ngetich, Mkenya, 14:01.29. Wa tatu Gudaf Tsegay wa Ethiopia, 14:04.41. Huyu Tsegay ndiye aliyekuwa na rekodi ya dunia mpaka hio siku, 14:00.21, na aliiweka uwanja huo huo wa Eugene mwaka wa 2023. Mhariri naomba uangalie hizo namba polepole. Ngetich alikuwa sekunde moja na kidogo tu nyuma ya rekodi iliyokuwepo asubuhi ya siku hio. Ukitoa Chebet na Tsegay hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kukimbia 5000 haraka kama yeye, tangu mbio zianze kupimwa. Ndiye yule yule aliyekimbia kilomita 10 za barabara Valencia Januari 2024 kwa 28:46. Na hakupata hata mstari mmoja! Msichana amekimbia mbio ya maisha yake, mama yake na watu wa kwao wamenunua gazeti, jina halipo. Hilo liliniuma na bado linaniuma.

Watu wengi hawaelewi hizo kasi kwa sababu namba peke yake haisemi kitu. 13:58 ni raundi kumi na mbili na nusu, kila raundi kama sekunde 67. Kuna kijana wa bodaboda hapa steji, mwepesi, hanywi, anacheza mpira kila Jumapili, alikuwa anasema sekunde 67 si kitu. Tukaenda naye uwanja wa shule jioni, nyasi imechorwa chokaa, mimi nikashika simu ya kupimia. Alitoka kama mshale, mita 200 za kwanza tukaogopa labda atatuaibisha. Akaingia kona ya mwisho mabega yamepanda masikioni, mikono inatupwa huku na huku, akamaliza kwa sekunde 74 akalala chini kifudifudi na chokaa yote kwa shati. Tulipomwambia Chebet angekuwa ameanza ya pili saa hii, tena bila kupumzika, na bado kumi na moja, alinyamaza. Tangu siku hio hajawahi kumdharau mkimbiaji yeyote. Hivi ndivyo ningetaka gazeti lituandikie, mtu asome aone raundi ngapi, kila raundi kwa sekunde ngapi, nani alivuta mpaka wapi, nani alibaki.

Halafu ikaja Tokyo Septemba, mashindano ya dunia. Chebet akashinda 10,000, na wiki moja baadaye akashinda 5000 pia, Faith wa pili. Muda wa Chebet hio 5000 ni 14:54.36. Asubuhi yake kinyozi yangu imejaa maneno, wengine wanasema ameshuka, karibu dakika nzima jameni, wengine wanasema Eugene ilikuwa viatu na taa, sasa ukweli umetokea. Watu wakafika karibu kugombana. Na lilikuwa ni jambo la kueleza kwa sentensi mbili tu: kwa fainali ya dunia hakuna pesimeka, hakuna anayelipwa kuvuta mbio halafu atoke nje, kila mtu anamtegea mwenzake, mbio inaanza taratibu na vita vyote vinakuwa raundi za mwisho. Tena kulikuwa na joto na unyevu, na huyu alikuwa ametoka kukimbia 10,000 na mchujo. Eugene unakimbiza saa, Tokyo unakimbiza mtu. Hayo mambo mawili hayapimwi kwa kilo moja. Viatu vya siku hizi vinasaidia, sikatai, na zile taa za pembeni ya njia ya mbio zinamsaidia mtu kujua kama yuko mbele ama nyuma ya rekodi, lakini wote kwa hio mstari wanavaa viatu hivyo na wanaona taa hizo, mbona basi chini ya 14 ameingia mmoja tu?

Na Faith pia aliumizwa hivyo hivyo. Tarehe 26 Juni kule Paris alijaribu maili chini ya dakika nne, akapata dakika nne na sekunde sita na kidogo. Nilichosoma kila mahali ni neno "ashindwa". Hio ni haraka kuliko rekodi yake ya dunia ya 4:07.64, tu haihesabiwi kwa sababu ya vile alizungushiwa watu wa kumkinga upepo, wanaume wakiwemo. Siku tisa baadaye ndio akavunja ya 1500. Mtu ameshindwa namna gani hapo?

Yule mzee niliyesema alipiga makofi, yeye bado anakumbuka Christchurch 1974, 1500 ya Jumuiya ya Madola. Ananihadithia akiwa kwa kiti, kichwa ameinamisha, mimi namalizia kisogo: Filbert Bayi wa Tanzania aliongoza kutoka mlio wa bunduki mpaka utepe, hakuna wa kumvuta, akaweka rekodi ya dunia 3:32.2, John Walker wa New Zealand wa pili, na wetu Ben Jipcho wa tatu. Tena anakuongezea kwamba Jipcho huyo huyo alichukua dhahabu ya 5000 na ya kuruka viunzi na maji michezo hio hio. Zaidi ya miaka hamsini, na bado anajua wa tatu ni nani. Anasema waliskia kwa redio, na mtangazaji alitaja wote. Nikamuuliza mzee, na Eugene wa pili alikuwa nani? Alijua kwa sababu alikuwa na mimi hio usiku. Waliosoma gazeti tu hawakujua.

Najua nafasi ya gazeti ni ndogo na matangazo lazima yaingie. Lakini matokeo ya nane wa kwanza kwa herufi ndogo yanakaa mahali padogo kuliko hata picha ya mtu akikabidhi hundi. Angalia marathon ya hayo mashindano ya dunia ya Tokyo, Alphonce Simbu wa Tanzania ameshinda kwa 2:09:48 na Mjerumani Amanal Petros naye ni 2:09:48, tofauti ni sehemu tatu za mia za sekunde baada ya kilomita 42. Ukiandika mshindi na muda wake peke yake umetupa stori yote, na hio ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwa mashindano hayo, majirani zetu wangefurahi kusoma tukiwaandikia vizuri.

Daftari langu liko wazi, mwandishi wako wa michezo akipita Nakuru akaribie, kunyoa ni bure na chai ipo. Kwa ukuta, chini ya picha ya Chebet, nimeandika kwa kalamu nyekundu: 2. Agnes Ngetich 14:01.29. Msimu ujao ningependa hio mistari iwe imechapishwa tayari, niweke kalamu chini.

Wako msomaji,
Kinyozi, Nakuru